Nakala Hii Idumu kwa Amri ya Nani?

Hoja: Seva ya proksi inayosimama mbele ya tovuti ya habari iruhusiwe kuhifadhi majibu kwa muda inaoupanga yenyewe, hata pale programu ya tovuti inapoagiza vingine. Seva mama iko Ulaya. Proksi, inayoendeshwa kwa nginx, iko Dar es Salaam. Wasomaji wengi wako kwenye simu na wananunua bando la siku.

MSIMAMIZI WA SEVA: Naunga mkono, na ninaanza na hesabu. Habari kubwa ikitoka, tuseme maombi 500 yanafika kila sekunde. Bila kache yote 500 yanavuka bahari, na huko programu inaiuliza hifadhidata swali lile lile mara 500 na kujenga ukurasa ule ule, herufi kwa herufi. Nikihifadhi nakala kwa sekunde moja tu, na kuruhusu ombi moja tu liijaze, seva mama inaona ombi moja kwa sekunde. Nikihifadhi kwa sekunde 60, msomaji wa Temeke anahudumiwa na mashine iliyo mjini kwake. Kinachonizuia ni programu yenyewe. Kila ukurasa inaoutoa, hadi ule wa “Kuhusu Sisi” ambao hauguswi mwaka mzima, unakuja na agizo `Cache-Control: no-cache, private`. Nginx inalitii, haihifadhi kitu. Naomba ruhusa ya kutolitii.

MTUNZI WA PROGRAMU: Kaka, agizo hilo halikuwekwa kwa uvivu. Ndilo Laravel, mfumo tulioutumia kuijenga programu, inaloliweka kwenye jibu lolote ambalo mtunzi hakulisemea jambo, na waliolichagua walijua wanachokifanya. Mfumo haujui ukurasa upi umebeba jina la mtu na upi haujabeba, kwa hiyo unachukua njia ya usalama. Sasa tazama rasimu yako ya usanidi: `proxy_ignore_headers Cache-Control Set-Cookie`, mstari mmoja kwa tovuti nzima. Tuufuate mpaka mwisho wake. Msomaji aliyelipia, ambaye tayari yumo kwenye akaunti yake, anafungua ukurasa. Programu inamrudishia kidakuzi cha kikao chake ndani ya `Set-Cookie`. Nginx, kwa kuwa umeiambia isijali, inahifadhi jibu zima pamoja na kidakuzi hicho. Anayefuata anapewa nakala ile na kidakuzi kile. Baada ya dakika moja mna watu elfu kadhaa ndani ya akaunti ya mtu mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyedukua chochote.

MSIMAMIZI WA SEVA: Rasimu haikuishia hapo. Chini yake kuna `proxy_hide_header Set-Cookie`, inayokiondoa kidakuzi kabla jibu halijamfikia mtu. Kurasa za kuingia na za malipo zina sehemu yao ya usanidi isiyogusa kache. Na aliyeingia kwenye akaunti hapewi nakala wala jibu lake halihifadhiwi: `proxy_cache_bypass` inafanya la kwanza, `proxy_no_cache` inafanya la pili. Ziko pamoja kwa makusudi, kwa sababu ukiweka `proxy_cache_bypass` peke yake, jibu la mtu binafsi bado linaandikwa kwenye diski na anayekuja nyuma yake analikuta.

MTUNZI WA PROGRAMU: Vizuri. Na utamjuaje aliyeingia?

MSIMAMIZI WA SEVA: Kwa kidakuzi cha kikao.

MTUNZI WA PROGRAMU: Laravel inampa kidakuzi cha kikao hata mgeni asiye na akaunti. Ukikitumia kama alama, kila mgeni aliyekipata kwenye kurasa usizozigusa, kama ile ya kuingia, ataonekana ameingia na kache yako haitamfanyia kazi yoyote. Usipokitumia, huna alama nyingine. Thamani ya kidakuzi imefungwa kwa siri, proksi haiwezi kuisoma. Alama unayoitaka lazima itoke kwangu: kidakuzi cha pili ambacho programu itakiweka mtu anapoingia na kukifuta anapotoka. Hapo ndipo hoja yako inapovunjika. Unataka kuamua bila programu, na kila hatua ya uamuzi wako inahitaji kuiuliza programu.

MSIMAMIZI WA SEVA: Inahitaji kuiuliza swali moja, dada yangu. Haihitaji kuomba kibali chake kwa kila ukurasa. Tutofautishe aina mbili za proksi, maana lawama za moja zinabebeshwa nyingine. Zamani, kabla ya mkongo wa Seacom kufika pwani yetu mwaka 2009, vyuo na watoa huduma wa intaneti waliokuwa wakitegemea setilaiti waliweka proksi ya Squid mbele ya watumiaji wao na kuhifadhi kurasa za tovuti za watu wengine. Squid ina vipengele vya kupuuza maagizo ya mwenye tovuti, na maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba kufanya hivyo ni kuvunja kanuni za HTTP. Onyo hilo ni la haki, kwa sababu yule si mwenye maudhui. Mimi proksi yangu ni ya tovuti hii hii. Anayetazama kutoka nje haioni seva ya Ulaya, anaiona yangu, na kwake hiyo ndiyo tovuti. Ninapopanga sekunde 60, ni tovuti inayojipangia mambo yake.

MTUNZI WA PROGRAMU: Kuwa ndani ya nyumba hakukupi ujuzi wa kilichomo kila chumba. Tarehe 25 Desemba 2015, duka la michezo la Steam lilikuwa chini ya mashambulizi siku ya mauzo makubwa. Mshirika wao wa kache akabadilisha sheria za kuhifadhi ili kuzuia mzigo, na usanidi wa pili uliowekwa ukahifadhi kurasa za watu waliokuwa ndani ya akaunti zao. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi, watu walifungua duka na kuona kurasa za wengine: anwani za malipo, historia ya manunuzi, barua pepe, tarakimu za mwisho za kadi. Valve, wenye Steam, walisema watumiaji wapatao 34,000 waliguswa. Walioiandika sheria ile walikuwa ndani ya nyumba, walikuwa wataalamu wa kache, na nia yao ilikuwa ile ile uliyo nayo wewe.

MSIMAMIZI WA SEVA: Waliiandika katikati ya mashambulizi. Mimi naomba kuiandika leo, hali ikiwa tulivu, tukaijaribu, ndipo tukaiweka. Mkinikatalia leo, mtanipigia simu usiku tovuti ikiwa imelala, na hapo ndipo nitaandika kama walivyoandika wao.

Nawe umetaja yaliyotokea kache ilipozidi. Mimi nitaje yaliyotokea ilipopungukiwa. Tarehe 25 Juni 2009 Michael Jackson alifariki. Makala yake kwenye Wikipedia ilisomwa na umati na kuhaririwa mfululizo, na kila hariri ilibatilisha nakala iliyohifadhiwa. Seva nyingi zikakurupuka kwa wakati mmoja kuujenga upya ukurasa ule ule, na mfumo ukaelemewa. Wahandisi wao walitengeneza baadaye kitu walichokiita PoolCounter: mmoja ajenge, wengine wasubiri au wapewe nakala iliyotangulia. Nginx inalo jambo kama hilo, linaitwa `proxy_cache_lock`, nalo huja likiwa limezimwa. Ninataka kuliwasha. Lakini halina maana yoyote pale ambapo kila jibu linasema “usinihifadhi”.

MTUNZI WA PROGRAMU: Liwashe, silipingi. Ninapinga kupuuza. Kuna udhaifu ambao mtafiti wa usalama Omer Gil aliueleza mwaka 2017 kwa kutumia PayPal kama mfano. Mshambuliaji anampa mtu kiungo cha ukurasa wa akaunti, mwishoni ameongeza jina la faili lisilokuwepo, kwa mfano `/akaunti/x.css`. Programu haijali nyongeza hiyo, inatoa ukurasa wa akaunti kama kawaida. Proksi inaona `.css`, na kwa kuwa ina sheria kwamba faili za `.css` zihifadhiwe bila kujali maagizo, inauhifadhi. Kisha mshambuliaji anafungua kiungo kile kile bila nenosiri na kusoma. Mstari wa nne wa rasimu yako una sheria hiyo, kaka: picha, `.css` na `.js` zihifadhiwe siku 30, maagizo yapuuzwe. Programu ilikuwa imeshasema `private`. Ungelitii neno hilo moja, shambulio lingekufa hapo hapo.

MSIMAMIZI WA SEVA: Mstari wa nne nauondoa. Faili hizo unaweza kuziwekea agizo wewe, zina jina jipya kila toleo jipya, sina sababu ya kuzilazimisha. Lakini kurasa za habari siziachii. Varnish, proksi nyingine ya kache, iliandikwa na Poul-Henning Kamp kwa ajili ya gazeti, Verdens Gang la Norway, na toleo la kwanza likatoka mwaka 2006. Kamp ameeleza kwamba mashine 12 za Squid zilizokuwa zimeelemewa kabisa nafasi yake ilichukuliwa na 3 za Varnish, na hizo 3 zilibaki na nguvu nyingi zisizotumika. Jibu likija bila agizo lolote, Varnish inalihifadhi sekunde 120. Gazeti lilihitaji hivyo kwa sababu magazeti ndivyo yalivyo: watu wengi mno, ukurasa mmoja, dakika zile zile.

MTUNZI WA PROGRAMU: Malizia habari ya Varnish. Ombi likija na kidakuzi chochote, kwa usanidi wake wa awali haligusi kache. Jibu likiwa na `Set-Cookie`, halihifadhi. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya gazeti kinaanza kwa kutii, kisha kinamwachia mwenye tovuti alegeze kipande kwa kipande. Hata kanuni ya kache, RFC 9111 ya Juni 2022, inairuhusu kache kukisia muda pale tu programu iliponyamaza. Kadirio la kawaida ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili ibadilishwe. Programu yetu haikunyamaza.

MSIMAMIZI WA SEVA: Haikunyamaza, lakini kilichozungumza ni Laravel. Wewe hujazungumza. Tangu tovuti ianze hujaketi ukasema ukurasa huu ni wa wote, ule ni wa mtu. Ukisema, nitakutii. Unaweza hata kunitumia `X-Accel-Expires`, heda ambayo nginx inaitanguliza mbele ya `Cache-Control` na `Expires`, na haimfikii msomaji. Usiposema, mtu fulani lazima aamue, na kwa sasa anayeamua ni chaguo la awali la mfumo usioijua Tanzania wala bei ya bando.

MHARIRI: Nimewasikiliza, wanangu, na mnabishana kana kwamba jambo lote ni mzigo na siri. Kuna la tatu. Tukichapisha kwamba fulani ameshtakiwa kwa wizi, kumbe aliyeshtakiwa ni mwenye jina linalofanana naye, ninasahihisha. Naibonyeza “hifadhi”. Kwenye kompyuta yangu imesahihishwa. Kwa msomaji wa Mwanza je? Kwa muda gani mtu yule ataendelea kuitwa mwizi na gazeti langu wakati mimi nimeshakiri kwamba si yeye?

MSIMAMIZI WA SEVA: Kwa sekunde zisizozidi 60, mama.

MTUNZI WA PROGRAMU: Hapana. Sekunde 60 ni za proksi. Baada ya hapo kuna kivinjari cha msomaji, nacho kina kache yake. Ukimwambia `max-age=3600`, simu yake itashika nakala ile saa nzima, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuifikia kuifuta. Ndiyo maana kuna namba mbili. `s-maxage` ni ya kache za pamoja kama proksi, `max-age` ni ya kila anayehifadhi. Ya proksi inaweza kuwa ndefu kwa sababu tunaweza kuifuta. Ya simu inapaswa kuwa sifuri au karibu na sifuri, ikiambatana na ETag, alama ya toleo la ukurasa, ili simu iulize kila mara “bado ni ile ile?” na ijibiwe 304, jibu lisilobeba ukurasa. Msomaji anatumia baiti chache, na hasomi uongo.

MHARIRI: Na hiyo kufuta, inafanywa na nani? Nikibonyeza “hifadhi”, proksi inajuaje?

MSIMAMIZI WA SEVA: Kwa sasa haijui. Nginx ya bure haina amri ya kufuta. Ile rasmi imo kwenye toleo la kulipia. Kuna njia ya mkato. Programu ikihifadhi habari, inatuma ombi kwa proksi likiwa na heda ya siri, `proxy_cache_bypass` inaliona na kwenda kuchukua jibu jipya kutoka seva mama, kisha jibu hilo linaandikwa juu ya nakala ya zamani. Dada yetu hapa anaweza kuiandika kwa nusu siku. Ikishafanya kazi, sihitaji sekunde 60. Nitaomba dakika kumi, hata saa, kwa sababu nakala itabadilika mnapoibadilisha ninyi.

MTUNZI WA PROGRAMU: Itabadilika kwa anwani uliyoifuta tu. Habari ikisambazwa Facebook, kila kubofya kunaongeza `fbclid` yenye thamani yake kwenye anwani. Ufunguo wa kache wa nginx kwa kawaida unabeba anwani nzima pamoja na vigezo. Kwa hiyo habari moja ina nakala mia kadhaa, wewe umesahihisha moja, na zilizobaki zinaendelea kumwita yule bwana mwizi.

MSIMAMIZI WA SEVA: `fbclid` naiondoa kwenye ufunguo, na zile `utm_` za matangazo. Hizo peke yake zingeifanya kache ikose wageni wote wanaotoka mitandao ya kijamii, yaani wengi wao. Unaona? Huo nao ni uamuzi wa proksi. Programu yako haina njia ya kuniambia kigezo kipi hakibadilishi ukurasa.

MTUNZI WA PROGRAMU: Nina njia. Nitakupa orodha ya vigezo tunavyovisoma kweli: `ukurasa`, `tafuta`, basi. Kingine chochote kisiingie kwenye ufunguo, na kisinifikie mimi pia. Hilo la pili ni la lazima. Mtafiti mwingine wa usalama, James Kettle, alionyesha mwaka 2018 kwamba kitu chochote kisichomo kwenye ufunguo lakini kinachobadilisha jibu ni mlango wa kutia sumu kwenye kache: mshambuliaji anatuma ombi moja lenye heda aliyoipotosha, na jibu lililopotoka linagawiwa kwa wote.

MHARIRI: Mnakaribiana. Sasa niambieni kuhusu siku mkongo unapokatika.

MSIMAMIZI WA SEVA: Hapo ndipo ninapowaomba mnisikilize kuliko popote. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku kama hiyo seva mama ya Ulaya haipatikani, lakini proksi yangu iko mjini, na watu wa hapa wanaweza kuifikia. Kwa `proxy_cache_use_stale` itawapa nakala iliyochacha badala ya ukurasa wa kosa. Kuna jambo moja linalosahaulika: kwa kawaida nginx inafuta kitu chochote kisichoombwa kwa dakika kumi, hata kama muda wake haujaisha. Inaitwa `inactive`. Mkongo ukikatika saa saba usiku, kufikia alfajiri diski itakuwa karibu tupu. Nataka niiweke siku saba.

MTUNZI WA PROGRAMU: Mimi ningeiandika kwenye jibu: `s-maxage=300, stale-if-error=86400`. Nginx inaielewa. Siku moja ya uvumilivu, kwa kurasa ninazozitaja, na za akaunti hazimo.

MSIMAMIZI WA SEVA: Siku moja ni fupi. Meli ya kutengeneza mkongo haifiki kwa siku moja.

MHARIRI: Na mimi nikisahihisha habari siku hiyo?

MSIMAMIZI WA SEVA: Programu itatuma lile ombi la heda ya siri…

MHARIRI: Programu iko wapi?

MTUNZI WA PROGRAMU: Ulaya, mama. Ombi halitafika. Na hata lingetumwa kutoka hapa Dar, ile njia ya mkato inakwenda kuchukua jibu jipya kwa seva mama, haiipati, na nakala ya zamani inabaki pale pale kwenye diski, ikigawiwa. Siku ile ile anayoitaka kaka kwa ajili ya wasomaji ndiyo siku ambayo kosa letu halisahihishiki. Kwa siku saba.

MSIMAMIZI WA SEVA: Naweza kuifuta kwa mkono. Jina la faili kwenye diski ni MD5 ya ufunguo. Nikiujua ufunguo nalikokotoa, nalifuta faili, kwisha.

MHARIRI: Saa nane usiku, wewe ukiwa umelala? Hapana. Nataka kitufe ndani ya chumba cha habari, kwenye mashine iliyo Dar, kisichopita Ulaya, kinacholifuta faili hilo nikikibonyeza mimi au mhariri wa zamu. Bila kitufe hicho siikubali hata siku moja ya nakala iliyochacha kwa habari za mahakama.

MSIMAMIZI WA SEVA: Ukikibonyeza mkongo ukiwa umekatika, mama, habari yote itatoweka. Anayeifungua ataona kosa la 502, na hataona marekebisho yoyote.

MHARIRI: Aone 502.

MSIMAMIZI WA SEVA: Kwa habari za mahakama nakubali. Kwa taarifa ya mafuriko yenye kosa la tarakimu moja, ukiifuta umewaacha watu bila taarifa kabisa. Kitufe hicho kiwe na sehemu ya pili: proksi ioneshe mstari wa marekebisho juu ya nakala ya zamani, ulioandikwa hapa hapa Dar.

MTUNZI WA PROGRAMU: Hapo proksi inaanza kuandika habari, na hilo sitalitia saini.